Kusoma Si Kutamka Tu

Ni desturi ya wazazi wengi, mtoto arudipo nyumbani kwa likizo, kumwita mbele ya wageni na kumpa kitabu asome. Mtoto husimama wima, hushika kitabu kwa mikono miwili, husoma ukurasa mzima bila kukwama, na sauti yake hupanda na kushuka kama ya mhubiri. Wageni husifu, mama hutabasamu, na baba huona kwamba fedha alizotoa kwa vitabu na sare hazikupotea bure. Hapana mwenye moyo wa kuuliza swali moja dogo: "Mwanangu, hayo uliyoyasoma maana yake nini?" Na lau swali hilo lingeulizwa, mara nyingi jibu lingekuwa kimya, au mtoto angetazama chini akaanza kuyasoma tena maneno yale yale.

Kimya hicho kinastahili kufikiriwa na kila mtu aliye na mtoto shuleni, na zaidi sana na kila mwalimu. Kusoma kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kuzitambua herufi na kuzitamka. Ya pili ni kulipata wazo lililomo ndani ya maneno. Sehemu ya kwanza husikika kwa masikio, kwa hiyo hupimwa upesi na kusifiwa upesi. Sehemu ya pili imo kichwani, haisikiki wala haionekani, na kwa sababu hiyo huachwa ikue yenyewe kama magugu, au isikue kabisa.

Lugha ya Kiswahili, kwa wema wake, huzidisha hatari hii. Maandishi yake ni mepesi: herufi husemwa jinsi zinavyoandikwa, na mtoto aliyekwisha kuzijua silabi zake aweza kutamka neno lolote atakaloonyeshwa. Mtoto wa Turkana au wa Nyeri, ambaye nyumbani kwao hakisemwi Kiswahili, aweza kusoma "mdhamini", "rehani" na "fidia" bila kosa hata moja, asijue kama maneno hayo yahusu nyumba, ugonjwa au chakula. Kiingereza, pamoja na matata yake yote ya kuandika hivi na kutamka vingine, mara nyingi humfichua msomaji asiyelijua neno, maana hujikwaa na mwalimu akasikia. Kiswahili hakimfichui. Humpitisha kwa heshima mpaka mwisho wa ukurasa, naye hana kitu mkononi.

Hasara ya jambo hili haionekani katika darasa la pili. Huonekana miaka mingi baadaye, na mahali pengine kabisa. Makarani wa ofisi za serikali huiona mara kwa mara. Kijana aliyemaliza shule huja na fomu; akiambiwa aisome, huisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, kisha huuliza, "Sasa niandike nini hapa?" Mkulima huletewa barua ya chama cha ushirika, mwanawe humsomea mara mbili, na wote wawili hubaki wakitazamana, wasijue kama wanadai au wanadaiwa. Chupa ya dawa ya kunyunyizia mboga huandikwa kwamba mboga zisichumwe mpaka zipite siku kadhaa; mtoto huyatamka maneno hayo vizuri, na sukuma wiki huchumwa kesho yake ikapelekwa sokoni. Mtu hutia sahihi mapatano ya kukodisha shamba akijua kwamba ameyasoma. Ameyasoma kweli, ila hakuyafahamu. Na mbele ya sheria sahihi yake ni sahihi.

Jambo hili si geni, wala si la nchi moja. Mwaka 1917 Bwana Edward Thorndike, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alitangaza habari za uchunguzi alioufanya kwa watoto wa shule. Watoto walipewa aya fupi wazisome na kujibu maswali, huku aya zenyewe zikiwa mbele ya macho yao. Aya moja ilieleza sheria ya kuhudhuria shule katika mahali paitwapo Franklin: ni watoto gani wapaswao kwenda, na ni sababu gani ziwezazo kumpa mtoto ruhusa ya kukaa nyumbani. Majibu yalikuwa ya ajabu. Watoto waliojua kusoma walijibu kama watu walionasa neno moja moja tu katika mazungumzo ya wapita njia. Mmoja alishikwa na neno la ugonjwa, mwingine na jina la mahali, na maneno mengine yaliyofunga habari pamoja yakawapita kama upepo. Thorndike akakata shauri kwamba kusoma ni kufikiri. Msomaji hana budi kulipima kila neno, kuliweka mahali pake, na kulipa uzito unaolifaa, kama mtu atafutaye jibu la hesabu ngumu.

Mwalimu wa Kiswahili aweza kulijaribu jambo hili kesho asubuhi bila kutumia hata senti moja. Na aandike ubaoni: "Malipo yatapokewa hadi tarehe 30 Juni, isipokuwa kwa wale waliopewa kibali cha maandishi." Kisha na aulize ni nani awezaye kulipa mwezi wa Julai. Wengi watajibu kwa haraka kwamba hapana, kwa kuwa macho yao yameona tarehe na kuliruka neno "isipokuwa". Au na aandike: "Juma alimwambia Ali kwamba ng'ombe wake amepotea," na kuuliza ng'ombe ni wa nani. Darasa litagawanyika mara mbili, na ubishi utakaotokea utawafundisha watoto zaidi ya kurudia sentensi hiyo mara 20 kwa pamoja, maana watagundua kwamba maandishi hayakamiliki mpaka msomaji atie akili yake.

Mwaka 1986 Bwana Philip Gough na Bwana William Tunmer waliliweka neno hili katika hesabu iliyo nyepesi kukumbukwa. Kufahamu maandishi, walisema, ni uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema "mara", hawakusema "kujumlisha". Karani yeyote ajua tofauti yake: 10 kujumlisha 0 ni 10, lakini 10 mara 0 ni 0. Mtoto azijuaye herufi zote, na lugha haijui, atapata sifuri. Vivyo hivyo mtoto aijuaye lugha kama mzee wa baraza, na herufi hazijui, naye atapata sifuri.

Hesabu hiyo humpa mwalimu chombo cha kutambua ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Mtoto ashindwapo kueleza habari aliyoisoma, mwalimu na amsomee yeye mwenyewe habari ile ile kwa sauti, polepole. Mtoto akiielewa kwa masikio, shida yake ni herufi, na afunzwe herufi. Asipoielewa hata kwa masikio, basi shida ni lugha au mambo yanayosemwa, na kumrudisha kwenye silabi ni sawa na kumpa dawa ya tumbo mtu aumwaye na jino. Katika Kenya uangalifu huu una faida ya pekee. Kwa mpango wa shule, mtoto wa madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya nyumbani kwao au ya mahali pale, na kuanzia darasa la nne masomo mengi huwa kwa Kiingereza. Wako watoto wenye akili nyingi ambao huhesabiwa kuwa wajinga katika mwaka huo mmoja, kwa sababu tu lugha imegeuka na hapana aliyewapima kwa njia hii.

Yako mambo mengine yaliyochunguzwa ambayo mwalimu aweza kuyatumia. Msomaji na aisome aya hii ndogo kwanza:

"Itandaze nyembamba, usiirundike. Igeuze mara kwa mara mchana kutwa. Mvua ikinyesha ifunike, na usiku pia. Hata jua likiwa kali mno saa sita, yafaa kuifunika kidogo, isije ikapasuka. Ukiiondoa mapema itaoza, na ukichelewa utapoteza uzito. Wenye kuizoea huijua kwa jino."

Hapana hata neno moja gumu katika aya hiyo, na bado msomaji wengi wao atakuwa anatangatanga. Sasa aambiwe kwamba habari ni ya kukausha kahawa juu ya vitanda, na kila neno huenda likaketi mahali pake, hata lile la jino, kwa maana mkulima huiuma punje ili ajue kama imekauka. Mwaka 1972 wachunguzi wawili wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, walifanya jaribio la namna hii kwa aya za mambo ya kawaida zilizoandikwa kwa mafumbo. Walioambiwa mapema habari yahusu nini waliielewa na kuikumbuka vizuri zaidi. Walioambiwa baada ya kusikia hawakupata faida kubwa kuliko wale ambao hawakuambiwa kabisa.

Fundisho lake kwa mwalimu ni la wazi. Dakika tano za maelezo kabla ya kusoma zina thamani kuliko nusu saa ya maelezo baada ya kusoma. Kama somo ni la bahari na watoto ni wa Samburu, mwalimu asifungue kitabu kabla hajazungumza nao juu ya maji yasiyo na ng'ambo, juu ya chumvi, na juu ya kupwa na kujaa. Kama somo ni la benki, na aulize kwanza ni nani aliyepata kumwona mama yake akiweka fedha katika chama cha akina mama, na fedha hizo hufanywa nini. Akili ya mtoto ni kama ghala: mzigo huingia vizuri kama pamefanywa nafasi ya kuupokea.

Mwaka 1988 Bibi Donna Recht na Bibi Lauren Leslie walikwenda mbele zaidi. Waliwachukua wanafunzi 64 wa Marekani wa darasa la saba na la nane, wakawapa habari ya mchezo wa besiboli, mchezo wa rungu na mpira upendwao sana katika nchi hiyo. Wengine walikuwa wasomaji hodari, wengine dhaifu. Na katika kila kundi walikuwamo walioujua mchezo na wasioujua. Walipotakiwa kuionyesha habari kwa vinyago vidogo juu ya ubao na kisha kuieleza, wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Basi yule mtoto wa mfugaji anayeketi nyuma ya darasa, asiyenyosha mkono mwaka mzima, huenda akawa mwalimu wa wenzake siku kitabu kitakapotaja ndama na ugonjwa wa kupe. Na yule anayeshika nafasi ya kwanza kila muhula aweza kuwa mjinga kabisa wa habari asiyopata kuisikia. Kwa hiyo masomo ya jiografia, ya historia, ya sayansi na ya kilimo si adui wa somo la kusoma. Ni chakula chake. Shule ikiyapunguza ili ipate saa nyingi za kutamka, imeuza shamba ili inunue jembe.

Walimu wengi watasema kwamba haya yote wanayafanya, kwa kuwa baada ya kila habari huwapa watoto maswali. Hapo ndipo mahali pa kusimama kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Profesa Dolores Durkin wa Chuo Kikuu cha Illinois aliingia katika madarasa ya nne ya shule za Marekani akaketi nyuma, akiandika ni dakika ngapi zatumika kwa kazi gani. Katika dakika 4,469 za masomo ya kusoma alizoziangalia, dakika 20 tu ndizo zilizotumika kuwafundisha watoto namna ya kufahamu. Nyingi katika zilizobaki zilikuwa za kuwapa watoto kazi za kuandika, kuwauliza maswali, na kuamua kama majibu ni ya kweli au ya uongo.

Walimu hao hawakuwa wavivu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kuuliza ni kufundisha. Swali baada ya somo humpima mtoto, halimwonyeshi njia. Mtoto ambaye hakufahamu huambiwa "Kosa, mwingine!", naye huketi chini akiwa na ujinga ule ule aliosimama nao, ila sasa ameongezewa aibu. Fundi seremala hamfundishi kijana wake kwa kumwuliza kama kiti kimenyooka. Huchukua randa mbele yake, hupiga pole akisema kwa nini apiga hivi na si vile, kisha humpa kijana randa ashike, huku mkono wa fundi u karibu. Kufahamu maandishi ni ufundi kama huo, na ufundi huonyeshwa.

Namna moja ya kuuonyesha iliandikwa mwaka 1984 na Bibi Annemarie Palincsar na Bibi Ann Brown. Walishughulika na wanafunzi wa darasa la saba walioweza kutamka lakini hawakufahamu. Waliwafundisha kazi nne: kufupisha habari, kutunga swali, kusafisha palipo na giza, na kubashiri yatakayofuata. Mwalimu huanza kuzifanya kazi hizo mwenyewe kwa sauti, watoto wakisikia anavyofikiri. Kisha kila mtoto kwa zamu yake huwa mwalimu wa kundi dogo, na mwalimu mwenyewe hurudi nyuma kidogo kidogo. Baada ya siku kama 20 za masomo wanafunzi wale walikuwa wamepanda sana. Wachunguzi wengine wameirudia kazi hiyo, na mwaka 1994 Barak Rosenshine na Carla Meister walipolinganisha uchunguzi 16, waliona kwamba faida ilikuwako kweli. Ilikuwa kubwa katika mitihani iliyotungwa na wachunguzi wenyewe, na ndogo zaidi katika mitihani ya kawaida. Si uganga, basi. Ni kazi nzuri inayolipa kwa kiasi cha juhudi.

Katika darasa la Kenya kazi hizo nne zaweza kufanywa hata kwa habari ya mistari mitatu. Kwa mfano:

"Mvua kubwa ilipokwisha, mzee alikwenda mpaka mwisho wa shamba, akakuta mto umekuwa mwekundu. Akatikisa kichwa akasema, 'Shamba langu linasafiri.' Siku ya pili aliwaita wanawe, wakaanza kuchimba mitaro."

Mtoto wa kwanza hufupisha: mzee ameona mto mwekundu, kisha amechimba mitaro. Wa pili hutunga swali, na swali lililo zuri ni lile lisilojibiwa kwa kunyosha kidole juu ya mstari: kwa nini mzee asema shamba linasafiri, na shamba halina miguu? Wa tatu hutafuta palipo na giza. Huenda akasema kwamba haelewi mto umepataje rangi nyekundu. Na huenda mwingine akajibu kwa haraka kwamba ni damu, darasa likacheka. Mwalimu mwenye busara hakemei. Huuliza, "Udongo wa kwetu hapa ni wa rangi gani?" Ndipo mmoja hushtuka: ni udongo! Mvua imechukua udongo wa shamba ikautia mtoni, na mitaro ni ya kuuzuia. Wa nne hubashiri kwamba habari itakayofuata itasema juu ya matuta, au mawe, au majani ya kupanda kingoni. Katika robo saa watoto wamejifunza kwamba jambo kubwa kabisa katika habari hiyo halikuandikwa popote. Neno "udongo" halimo. Wamelisoma kati ya mistari, na hakuna aliyewapa jibu mkononi.

Sasa, kama mambo haya yamejulikana miaka mingi, kwa nini hayajaenea katika kila darasa? Sababu si ukaidi wa walimu. Uchunguzi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, katika majarida ambayo bei yake humshinda mwalimu wa kijijini. Mwalimu mwenyewe aweza kuwa na watoto 60 au zaidi mbele yake, daftari za kusahihisha jioni, na mtihani unaokuja. Akiitwa kwenye semina ya siku mbili, husikia maneno mazuri, hunywa chai, huandika katika daftari, na Jumatatu hurudi kwa darasa lile lile, ubao ule ule, na desturi ile ile. Maneno ya semina hayana mikono ya kumsaidia saa mbili na nusu asubuhi.

Wakulima wa Kenya wameliona jambo hili katika kazi yao wenyewe. Kazi ya kutafuta mbegu bora za mahindi ilianza Kitale mwaka 1955, na mwaka 1964 ikatolewa mbegu ya chotara iliyoitwa 611. Wataalamu wangeweza kuandika vitabu vya jinsi mbegu hiyo ilivyopatikana, na hapana mkulima ambaye angevuna hata debe moja kwa kusoma vitabu hivyo. Mbegu ilienea kwa sababu ilifungwa katika mifuko, ikauzwa katika maduka ya karibu, na mabwana shamba wakaipanda katika mashamba ya maonyesho ambapo jirani alisimama kando ya ua akaona kwa macho yake. Mkulima hakuhitaji kuijua elimu ya wataalamu. Alihitaji mbegu, maelezo mafupi, na mtu wa kumtembelea.

Elimu nayo imejaribu njia hiyo. Kati ya mwaka 2011 na 2014 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na wafadhili wa nje, ilifanya jaribio la kufundisha kusoma na hesabu katika shule za mikoa kadhaa. Katika uchunguzi mmoja wa jaribio hilo, uliotangazwa mwaka 2018, shule ziligawanywa. Walimu wa kundi moja walipewa mafunzo na watu wa kuwatembelea. Wa kundi la pili walipewa hayo pamoja na kitabu kwa kila mtoto. Wa kundi la tatu walipewa hayo yote pamoja na mwongozo wa mwalimu ulioandika kila somo hatua kwa hatua. Kundi la tatu ndilo lililokwenda mbele zaidi, na ndilo lililoonyesha faida kubwa kwa kila shilingi iliyotumika. Mwaka 2015 mpango uitwao Tusome ulianza katika shule za msingi za serikali nchini kote, kwa madarasa ya kwanza na ya pili, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kila mtoto alipata kitabu chake, mwalimu alipata mwongozo wake, na maafisa wa elimu walizunguka katika shule wakiketi nyuma ya darasa, kisha wakizungumza na mwalimu juu ya somo alilolifundisha.

Wako waliolalamika kwamba mwongozo humfanya mwalimu kuwa kama mashine. Malalamiko hayo yana ukweli kidogo, maana mwongozo ukifuatwa kwa woga huua akili. Lakini fimbo ya mzee si aibu ya mzee. Mwalimu mgeni huishika mpaka miguu yake ipate nguvu; mwalimu mzoefu huiweka kando pale anapoijua njia. La muhimu ni kwamba ile hekima ya wachunguzi ilimfikia katika umbo la kazi ya kesho.

Kazi iliyobaki ni ya madarasa ya juu, kuanzia la nne, ambako mtoto haonyeshwi tena silabi, bali hutakiwa kujifunza kila somo kwa kusoma. Kazi hiyo haihitaji kungoja fedha kutoka ng'ambo, kwa maana fedha za ng'ambo huja na hukoma. Mwalimu mkuu aweza kutenga saa moja kila majuma mawili, walimu wakaketi pamoja na habari moja tu ya kitabu cha shule, wakakubaliana: ni jambo gani watoto waambiwe kabla, ni maneno gani matatu au manne yatakayowazuia, ni wapi habari imeficha maana yake, na ni swali gani moja lisilojibiwa kwa kidole. Kisha mmoja afundishe, wengine waketi nyuma watazame watoto, si mwalimu. Wakikutana tena, kila mmoja alete alichokiona. Mwalimu hukubali upesi zaidi kuongozwa na mwenzake wa chumba cha pili, aliye na watoto 60 kama yeye, kuliko kuongozwa na mgeni ajaye kwa gari na kuondoka kwa gari.

Wazazi nao wana sehemu yao, hata wale wasiojua kusoma. Mama asiyejua herufi moja aweza kumwambia mwanawe, "Nisimulie ulichosoma leo, lakini bila kitabu." Aweza kumsimulia hadithi jioni na kukatiza katikati akamwuliza, "Unafikiri sungura atafanya nini sasa?" Akifanya hivyo amefundisha kubashiri, pasipo cheti cha ualimu. Wazee wa zamani waliotega vitendawili baada ya chakula cha usiku walikuwa wakifundisha kutafuta maana iliyofichwa, na watoto waliokulia katika mchezo huo huja shuleni wakiwa wamejiandaa nusu.

Iko methali isemayo kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Yaweza kufaa barazani, ambapo watu wazima hupimana akili. Darasani haifai hata kidogo. Mtoto huletwa shuleni kwa sababu hiyo hasa, kwamba hajui maana, na mwalimu hulipwa ili aambiwe. Siku mapatano ya shamba yatakapowekwa mbele yake pamoja na kalamu, hatakuwapo mwalimu wa kumsahihisha wala mgeni wa kumsifia sauti. Itakuwapo karatasi, na yeye, na kile alichofundishwa kufanya na maneno.